Ramani ya uhalifu ianzie kwenye daftari la RB

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu hamzipendi ila hii naomba msiifyeke sana, maana hata mimi nimejaribu kuipunguza na kila nikitoa kitu naona nimetoa cha maana.

Kila mwaka Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wanatoa ile ripoti ya hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani, na magazeti yote likiwemo la kwako mnachukua jedwali la mikoa ya kipolisi mnatuandikia nani kaongoza kwa wizi, nani kaongoza kwa ubakaji, siku mbili tatu watu wanataniana wasap "nyie wa mkoa fulani mnatutia aibu" halafu imeisha hadi mwaka mwingine. Sasa mimi nakaa Tandika. Kwenye hilo jedwali mimi ni mtu wa "Temeke", na wa Chamazi huko naye Temeke, wa Keko Temeke, wa Mbagala Rangi Tatu Temeke, namba moja imetubeba wote kama daladala la saa moja asubuhi. Ukiniambia wizi Temeke umepungua nifurahie nini? Nipite njia gani nikitoka alfajiri? Mwanangu akirudi tuisheni ashukie kituo gani? Hiyo namba haijui.

Na hili la kupaka mikoa rangi kufuatana na makosa sio teknolojia mpya wala nini. Ufaransa ilifanyika mwaka 1829, Guerry na Balbi walichukua kumbukumbu za mahakama wakachora ramani ya nchi ile mkoa kwa mkoa, na ramani yenyewe ikawashangaza watu maana walidhani pasipo na shule ndipo penye wezi, kumbe makosa ya mali yalikuwa mengi zaidi kaskazini kwenye watu waliosoma. Kwa hiyo sisi 2020 na kitu, na simu janja zetu na mkongo wa taifa, kwa upande wa kumgawia mwananchi taarifa tuko pale pale walipokuwa kina Guerry. Tofauti yao walichora, sisi tunatoa jedwali kwenye PDF.

Nataka kusema jambo moja tu humu na mengine yote yanazunguka hapo hapo. Watu wakizungumzia ramani za uhalifu wanarukia kwenye kamera, droni, akili mnemba, "mfumo wa kisasa wa kidijitali", wataalamu watoke nje, semina ifanyike hoteli fulani. Mi nasema shida haiko huko kabisa. Shida iko kwenye daftari la RB, lile la kuandikia taarifa za matukio pale kaunta ya polisi, kwenye ule mstari wa "mahali tukio lilipotokea", na shida ya pili ni kwamba kinachoandikwa pale hakirudi kwetu.

Nieleze. Mimi nilikwapuliwa simu, vishandu wa bodaboda, kitu cha kawaida huku. Nikaenda kituo kimoja ambacho sikitaji, na afande aliyenihudumia alikuwa mstaarabu tu sina ugomvi naye. Jina, umri, kabila, unaishi wapi, simu aina gani, thamani yake. Mahali? Nikamwambia ukitoka stendi kwenda sokoni, pale kwenye ukuta mrefu wa godauni, kabla hujafika mwarobaini. Akaandika "Tandika". Nikamuuliza afande mbona umefupisha, akacheka akaniambia "Kaka, nikiandika mwarobaini hakimu atajua ni upi?" Na kweli hakimu hatajua, sina cha kumjibu. Lakini mita hamsini kutoka pale kuna nyumba yenye kibao cha anwani, kile cha Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, tulihesabiwa tukabandikiwa namba, barabara zikapewa majina, na mfumo wa NaPA upo unafungua kwenye simu unaona nyumba na namba yake. Serikali imetumia hela nyingi kuweka hivyo vibao. Sasa kama mtu wa kuleta pizza anaweza kukifuata hicho kibao, kwa nini RB isikiandike? Mstari mmoja tu: namba ya anwani iliyo karibu na tukio. Mwenye simu afungue aoneshe, asiye na simu afande afungue ya kwake, dakika mbili.

Maana usipoandika mahali, hata ulete kompyuta ya namna gani itakachofanya ni kubuni. Na hili sio nadharia, limetokea Los Angeles. Polisi wa kule walikuwa na ramani ya uhalifu mtandaoni kila raia anaona, 2009 waandishi wa Los Angeles Times wakaja kugundua kwamba anwani ikimshinda kompyuta kuitambua, yeye anaitupia pointi sehemu moja ya kudumu katikati ya mji, hatua chache tu na ofisi za jiji na makao makuu ya polisi wenyewe. Matokeo yake kwenye ramani pale ndo pakawa panaonekana pabaya kuliko karibu jiji zima, wakati makosa yenyewe yalitokea huko mbali kabisa kila moja na kwake. Fikiria sasa kwetu, chukua RB zote zilizoandikwa "Tandika" uzimwage kwenye ramani, zitaenda kukaa zote kwenye nukta moja katikati ya kata, pengine juu ya paa la bibi wa watu anayeuza maandazi, na kesho yake mtu wa bima au mwenye hela yake anaangalia ramani anasema aah pale hapafai.

Halafu kuna kitu kingine sijawahi kuona kikiandikwa na kinaharibu takwimu zetu vibaya sana. Mtu akikwapuliwa pochi yenye simu na kitambulisho, anachokitaka haraka ni laini irudi na NIDA irudi, basi. Kuna mfumo wa polisi wa mtandaoni wa kuripoti vitu vilivyopotea, unajaza unalipia unapata losi ripoti yako unaenda duka la mtandao wa simu unarudisha namba. Watu wengi ninaowajua wakikwapuliwa wanajaza humo humo kwamba "nimepoteza", kwa sababu kufungua kesi ya wizi ni njoo kesho, mpelelezi hayupo, nauli. Kwa hiyo wizi unahesabika kama usahaulifu! Mtu alipigwa kabali chini ya daraja, kwenye kumbukumbu za nchi anaonekana ni mzembe kadondosha simu. Sasa hiyo ripoti ikisema unyang'anyi umepungua unajuaje kama umepungua kweli au watu wamechoka tu kuripoti? Hapo hapo kwenye hiyo fomu ya kupotelewa kungekuwa na swali moja, "je, ulinyang'anywa au kuibiwa? karibu na anwani gani? saa ngapi?" tungepata ramani ya Dar es Salaam nzima bila kununua hata kamera moja.

Kwa nini nang'ang'ania ngazi ya mtaa? Kwa sababu uhalifu haujasambaa sawasawa kama watu wanavyodhani. Watafiti wa Marekani, Sherman na wenzake, walichukua simu zote zilizopigwa polisi mji wa Minneapolis wakatoa matokeo 1989, wakakuta asilimia 3 hivi ya anwani za mji ndo zilizozaa nusu ya simu zote. Asilimia tatu! Yaani hata kwenye ule mtaa unaoitwa mbaya, nyumba nyingi na kona nyingi ni salama tu, ni pale na pale na pale. Sisi ukisema unakaa Tandale au Manzese au Mbagala kwa mtu wa Mbezi anakuangalia mifukoni, kumbe ramani ya karibu ingekutetea.

Na hili nimeliona kwa macho yangu. Mtaani kwetu kulikuwa na malalamiko mengi, kila kikao watu wanagombana, wa upande wa mtaroni wanasema wao ndo wanaumia, wa upande wa sokoni wanasema wao. Kijana mmoja jirani yangu aliwahi kufanya kazi na Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora ramani za mafuriko Dar, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi wa kata kuingiza nyumba, mitaro na vichochoro kwenye OpenStreetMap. Ramani ile iko wazi mtu yeyote anaichukua bure. Akaishusha, akaenda nayo steshenari wakamchapia karatasi kubwa vipande vipande wakagundisha kwenye manila, ikabandikwa ukutani ofisi ya serikali ya mtaa. Mama mwenyekiti akaleta maka peni. Nyekundu kukwapuliwa, bluu nyumba kuvunjwa, kijani wizi wa koki na mita za maji na betri za bajaji. Mtu akija kupeleka shida yake anaoneshwa karatasi, anaweka alama mwenyewe na pembeni anaandika saa. Hakuna jina.

Wiki za mwanzo ilionekana vurugu tu. Baadaye picha ikaanza kutoka. Nyekundu zikajipanga mstari kwenye kile kichochoro cha ukuta wa godauni, na saa zilizoandikwa karibu zote ni kati ya kumi na kumi na mbili alfajiri, wakati akina mama wa mboga na mama ntilie wanawahi mzigo, hela ya mtaji ipo kwenye khanga. Ule ukuta hauna mlango hata mmoja urefu wote, hakuna jicho la mtu, bodaboda anaingia huku anatokea kule. Bluu nazo zikawa zimeegemea nyumba ambazo mgongo wake umeangalia mtaro, mwizi anapita ndani ya mtaro wakati wa kiangazi ukiwa mkavu, hakuna anayemwona. Kila mtu alikuwa anajua la kwake, na vijana wa ulinzi shirikishi wao walikuwa wanalinda barabara kubwa yenye taa! Na usiku wa saa sita hadi tisa, wanaenda kulala saa kumi, ndo wenzao wanaanza kazi.

Yakafanyika mambo madogo. Mwenye godauni akaombwa taa mbili akaweka. Lindo likasogezwa hadi kumi na mbili. Nyekundu zikapungua pale ukutani. Sasa hapa mtu ataniuliza si wamehamia mtaa wa pili? Sijui maana mtaa wa pili hawachori. Kuna utafiti wa David Weisburd na wenzake Jersey City uliotoka 2006 waliochunguza hilo hilo, wakakuta wahalifu hawahami kona kirahisi hivyo, kona yenye faida kwao ina mambo yake, njia za kukimbilia, wateja, mazoea, na mara nyingine hata kona za jirani nazo zinatulia. Lakini Jersey City sio Tandika. Ili kujua la kwetu lazima mitaa yote ionekane kwenye karatasi moja, na hiyo hatuiwezi sisi na maka peni zetu, hiyo ni kazi ya wenye data.

Nisisahau hili. Kuna siku kijana mmoja wa lindo alishika maka peni nyeusi akataka kuweka alama kwenye nyumba fulani, akasema "Mama, hapa ndo maskani yao, tuweke tu ijulikane." Mama mwenyekiti akamnyang'anya ile peni. Akamwambia "Mwanangu, ukiweka hiyo alama leo, kesho nitaitwa kutambua maiti." Chumba kizima kikakaa kimya maana kila mtu anajua "wananchi wenye hasira kali" ni kina nani na wanafanya nini, tairi na petroli, halafu baadaye inasikika yule hakuwa mwenyewe. Kwa hiyo nikisema ramani, nasema ramani ya matukio. Ramani ya watuhumiwa sitaki hata kuisikia, na kama polisi au mtu wa apu akija na wazo hilo magazeti mlipigie kelele.

Usiri huo wenzetu wameshaufikiria, hatuanzi sifuri. Uingereza Februari 2011 polisi walifungua tovuti ya ramani za uhalifu mtaa kwa mtaa, siku ya kwanza watu walivyoivamia ikazidiwa. Malalamiko yalikuwepo, bei za nyumba zitashuka, wahanga watajulikana. Walichofanya, nukta haikai kwenye nyumba yenyewe, inasogezwa kwenye pointi iliyopangwa kabla ambayo inawakilisha angalau anwani nane, au sehemu isiyo na nyumba kabisa kama bustani au maegesho, na matukio yanatolewa kwa mwezi bila tarehe. Kwa hiyo unajua mtaa huu una shida gani bila kujua ni nani aliyevunjiwa. Kwetu ambako nyumba moja ina vyumba vya wapangaji sita nane, nadhani vipande viwe vikubwa kidogo, na muda uwe alfajiri, mchana, jioni, usiku. Kesi za ubakaji na za watoto zisiwekwe kwenye vipande hivyo kabisa, zibaki ngazi ya wilaya, maana huku ukisema tu "mtoto, mtaa fulani, mwezi uliopita" wamama bombani wanamaliza jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo na tume yake ipo, wakae na polisi waandike utaratibu.

Ila kuna matukio hayafiki polisi kabisa, na hapo raia wenyewe wanaweza kuchora. Misri mwishoni mwa 2010 akina dada walianzisha HarassMap, mwanamke aliyeshikwashikwa au kutukanwa barabarani anatuma meseji, tukio linatokea kwenye ramani ya Cairo. Waliutumia mfumo uliotengenezwa hapo jirani Nairobi, Ushahidi, ule uliozaliwa Januari 2008 wakati Kenya inawaka baada ya uchaguzi, matangazo ya moja kwa moja yamezuiwa, kina Ory Okolloh na wenzake wakaunda ndani ya siku chache kitu ambacho mtu wa Kisumu au Eldoret anatuma taarifa ya kilichotokea mtaani kwake na dunia inaona. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika vurugu zile kwa mujibu wa tume ya Jaji Waki. Baadaye mfumo huo huo ukatumika Haiti kwenye tetemeko la 2010. Sisi hapa pembeni yao mpaka leo dada zetu wanashikwashikwa kwenye foleni za mwendokasi na hakuna hata nukta moja inayoonesha kituo gani kimezidi.

Ukiacha mjini, kuna la Serengeti ambalo ningependa kila RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) alijue. Kule Mugumu kuna nyumba salama ya wasichana wanaokimbia kukeketwa, ya Rhobi Samwelly na shirika lake la Hope for Girls and Women. Msimu wa Desemba simu inaingia usiku, binti fulani kijiji fulani kesho anakatwa, na kukeketa binti chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998. Polisi na dawati la jinsia wanawasha gari, wanaenda wapi? Kijiji hakimo kwenye ramani, barabara haimo. Mradi wa Crowd2Map ukaanza 2015, watu wa kujitolea duniani kote wanakaa na picha za setilaiti wanafuatisha nyumba na njia, halafu wakazi wa hukohuko wanaongezea majina ya vijiji na mito kwa simu. Sasa wanaokwenda kuokoa wana ramani mkononi hata pasipo na mtandao. Hiyo ndo teknolojia ya ramani na uhalifu kwa mtazamo wangu, kumfikia mtu kabla.

Sio ile ya kutabiri, hiyo naiogopa. Maana najua kuna mtu atasoma hii barua atasema vizuri sana, tulete akili mnemba itabiri. Kule California mji wa Santa Cruz ulikuwa wa mwanzo kutumia PredPol mwaka 2011, kompyuta inakula rekodi za nyuma inatoa vibox vya mita 150 kwa 150 ambavyo polisi wapite leo. 2020 mji huo huo ukapiga marufuku kitu hicho, na polisi wa Los Angeles wakaachana nacho mwaka huo huo. Kristian Lum na William Isaac walikuwa wameshaonesha 2016 kwa data za dawa za kulevya za Oakland kwamba mashine itawarudisha polisi mitaa ile ile ya watu weusi walikozoea kukamata, wakati matumizi ya dawa yametapakaa mji mzima, kwa sababu rekodi za polisi zinaonesha polisi walipokwenda, halafu wakienda tena wanakamata tena, mashine inasema si niliwaambia. Weka hiyo hapa. Bodaboda wa Manzese watakamatwa mpaka wachakae na wale wa kuiba kwa kalamu maofisini hawatatokea kwenye kibox chochote.

Wala CompStat ya New York, ule mfumo wa polisi wa kufuatilia uhalifu kwa namba na ramani, isituvimbishe kichwa. Ilianza 1994 chini ya kamishna Bratton, mtu wake Jack Maple alianzia kwenye polisi wa treni za chini akibandika makaratasi ya ramani ukutani na kuchorea kwa rangi kila tukio (ndo maana sioni haya na manila yetu). Mauaji New York yalikuwa zaidi ya 2,200 mwaka 1990, 1998 yakawa chini ya 700, japo miji mingine ya Marekani nayo yalishuka wakati huo kwa hiyo sio ramani peke yake. Lakini wakubwa walipoanza kuwawekea makamanda namba mbele ya mkutano, vituoni huko chini ikaanza michezo. Polisi mmoja wa Brooklyn, Adrian Schoolcraft, alirekodi kwa siri wakubwa zake wakielekeza malalamiko yashushwe daraja au yasipokelewe, rekodi zikatoka gazetini 2010, na kabla ya hapo mwenyewe alishabebwa kupelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Sasa hapa kwetu ambapo "nendeni mkayamalize nyumbani" ni wimbo wa kaunta hata bila CompStat, ukimwambia OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) kwamba rangi nyekundu kwenye ramani ndo itamkosesha cheo, we unadhani RB zitaandikwa? Hazitaandikwa. Kwa hiyo ramani isitumike kumpima kamanda kwa wingi wa matukio. Mpime kwa RB ngapi zimeandikwa na anwani kamili, basi.

Kuna na hili la kugawanya, wataalamu wa takwimu mnielewe. Kariakoo ukichukua matukio ukagawa kwa wakazi wa sensa ya 2022 utapata namba ya kutisha, lakini wanaolala Kariakoo ni wachache na wanaoshinda pale mchana ni Dar nzima na Kongo na Zambia na Komoro. Ramani ikitoka bila maelezo hayo wafanyabiashara watalalamika na watakuwa na haki.

Watu wa mamlaka wanasema taarifa hizi zikitolewa zitaleta taharuki. Mi nakumbuka jioni ya Januari 2, 2015, ya Panya Road, lile kundi la vijana wahalifu. Hakukuwa na ramani wala taarifa. Kulikuwa na meseji tu, "wameshafika Magomeni", "wako Mwananyamala", "wanakuja Sinza", na watu wakafunga maduka, wakakimbia ovyo, jiji zima likajifungia kwa kitu ambacho mwisho wake kilikuwa kidogo kuliko kelele zake. Taharuki ilikuja kwa sababu hakuna aliyejua kiko wapi na kiko kiasi gani.

Na kama serikali haitaki kuchora, basi angalau wananchi tusitishwe tukichora. Sheria ya takwimu ilibanwa 2018 mtu akitoa takwimu bila NBS ni jinai, 2019 ikalegezwa, lakini hofu haikuondoka nayo, hata pale ofisini kwetu kuna mzee mmoja mjumbe aliuliza hii manila haitatuletea kesi? Mzee mtu mzima anaogopa karatasi na maka peni. NBS watoe tangazo hata la nusu ukurasa kwenye gazeti lako, mtaa ukihesabu matukio yake ubandike ukutani ruksa au sio ruksa.

Yakitolewa hayo mambo yasiishie mtandaoni. Bando ni hela. Kila mwezi ichapwe karatasi ya kata, ibandikwe serikali ya mtaa pale pale yanapobandikwa matangazo ya mikopo ya asilimia kumi, na mkaguzi kata asimame mbele yake kwenye kikao aulizwe maswali.

Kama kuna afisa takwimu wa kituo chochote anasoma gazeti hili, naomba anijibu kupitia kwako mhariri: daftari lenu la RB lina sehemu ya kuandika namba ya anwani ya makazi au bado? Na kama ipo, ni nani anaijaza?

Wako msomaji,
Mkazi wa Tandika, Temeke
Dar es Salaam